Je, Ni Unafiki Kwenda Pangoni Mkiwa Mmenuniana?

Huenda hali hii unaijua. Ni mkesha wa Noeli. Parokiani kumeandaliwa pango hai: punda wa mkokoteni ameazimwa, wachungaji ni vijana wa kwaya waliojifunga mashuka, na Mtoto Yesu ni mtoto mchanga wa mama mmoja wa jumuiya. Wanenu mliwaahidi tangu Novemba kwamba mtakwenda wote. Lakini ninyi wawili hamjasemezana siku ya nne sasa. Bwana alimtumia mama yake pesa bila kumwambia bibi, na karo ya Januari haijakamilika. Nyumbani maneno yanapitia kwa mtoto: "Mwambie baba yako chakula ki tayari." "Mwambie mama yako sina njaa."

Je, mwende? Bibi anasema moyoni, "Nikisimama karibu naye mbele ya hori huku natabasamu, nitakuwa namdanganya Mungu na watoto." Hoja hii si ya kupuuzwa. Bwana wetu aliwakemea wanafiki kwa ukali kuliko alivyowakemea watoza ushuru.

Hata hivyo, tazama vizuri ni nani mnakwenda kumwona. Yule Yosefu anayesimama kimya kando ya hori alikuwa amekwisha kuamua kumwacha Maria kwa siri (Mathayo 1:19). Maria hakuwa na kosa, lakini Yosefu hakulijua hilo mpaka alipoelezwa na malaika katika ndoto. Watoto wetu hatuwasimulii sehemu hiyo, na nadhani sisi wenyewe tumeisahau. Tunaliona pango kama picha ya watu ambao hawakuwahi kukesha na mashaka.

Mtakatifu Fransisko alipoandaa pango la namna hii kule Greccio, Italia, mwaka 1223, aliagiza hori lenye nyasi kavu, ng'ombe na punda. Misa iliadhimishwa hapo, naye akiwa shemasi akaimba Injili. Watu walikuja usiku na mienge yao. Papa Fransisko, katika barua aliyoitia sahihi hapo hapo Greccio tarehe 1 Desemba 2019, alikumbusha kwamba siku ile hapakuwa na sanamu. Waliofika ndio waliolitimiza tukio lenyewe. Masimulizi hayasemi kwamba mtu aliulizwa kwanza kama amepatana na mkewe.

Basi unafiki uko wapi? Mtu akivaa sura njema ili majirani wamsifu, na akifika nyumbani arudie kununa, huyo ni mnafiki. Lakini anayekwenda akiwa na uchungu wake, kwa sababu aliahidi na kwa sababu anatamani kubadilika, hajamdanganya mtu. Watoto je? Hao hawadanganyiki. Ndio waliokuwa tarishi wenu siku zote nne! Mkibaki nyumbani, watajifunza kwamba hasira ya wazazi ina nguvu kuliko ahadi ya wazazi.

Niseme jambo moja bila kuzunguka. Haya nayasema kwa wale walionuniana. Kama nyumbani kuna kipigo au vitisho, hilo ni jambo jingine kabisa, na asitokee mtu wa kumwambia mama aliyeumizwa kwamba aende akatabasamu kwa ajili ya Noeli. Huyo atafute kwanza mahali salama, na amwambie padre au mtu anayemwamini.

Kwenu wengine, kabla ya kufunga mlango, semeni neno moja, tena ana kwa ana, si kupitia kwa mtoto. Bwana anaweza kusema, "Mama Fulani, la pesa bado lipo. Tulizungumze tarehe 26 watoto wakilala. Leo twende." Neno hilo halisamehi deni lolote wala halifichi kitu. Na bibi akijibu "Haya" tu, basi bwana aridhike nalo, asidai tabasamu. Mbebe mtoto mdogo mabegani, maana huko nyuma ya umati hataona punda.

Tarehe 26 ikifika msiahirishe kwa kuwa sikukuu ilikuwa tamu. Wekeni mezani barua ya karo na ule ujumbe wa simu wa pesa zilizotumwa, na bwana ndiye aanze kueleza.