Ile Miaka ya Nazareti



Mwaka unaisha, na wengi tunahesabu. Bethdei imepita, umri umeongezeka, malengo ya Januari bado yamelala kwenye daftari. Ajira hakuna, na upo hapo hapo kwa wazazi, unatumwa dukani kama zamani. Ukiulizwa mwaka huu umefanya nini, unakosa jibu.

Sasa fungua Injili ya Luka, sura ya 2. Yesu ana miaka 12, anabaki Hekaluni, kisha anarudi Nazareti na wazazi wake. Anapoanza kuhubiri ana miaka kama 30 (Lk 3:23). Hapo katikati kuna miaka karibu 18, na Luka anaisimulia kwa maneno machache tu: alikuwa mtiifu nyumbani, akaendelea kukua. Basi! Hakuna muujiza ulioandikwa. Lakini ni miaka ya Mwana wa Mungu, na wala haikupotea.

Kwa hiyo usiupime mwaka kwa malengo peke yake. Jiulize: nyumbani nani amepata nafuu kwa sababu nipo? Yule ndugu tusiyesemeshana tangu Pasaka, nitamfuata lini?

Tarehe 31 Desemba Kanisa huimba utenzi wa Te Deum kumshukuru Mungu kwa mwaka mzima. Peleka hapo shukrani moja ya nyumbani kwenu. Ukirudi, mwambie mama au baba asante, kwa mdomo, si kwa meseji. Kisha andika malengo mapya. La kwanza liwe la familia.

Maria, Mama wa Mungu, utuombee. Amina.