Kiwiko cha Murali: Nani Mrushaji Mkuu wa Kriketi?



Leo tuongee kriketi. Najua wengi wenu ni watu wa soka, vumilieni kidogo. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji analinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake. Mrushaji akimtoa mpigaji, anaandikiwa wiketi moja. Ukishajua hilo tu, unaweza kuingia kwenye ubishi.

Na ubishi upo, jamani! Katika mechi za Testi, zile za siku tano, Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka ana wiketi 800. Shane Warne wa Australia 708. James Anderson wa Uingereza 704. Ungedhani hesabu imemaliza maneno. Wapi! Mwingine atakuambia Malcolm Marshall wa West Indies alipata 376 tu, ila kila wiketi ilimgharimu wastani wa mikimbio isiyofika 21, na mwaka 1984 pale Leeds aliwatoa wapigaji 7 huku mkono wake wa kushoto uliovunjika ukiwa ndani ya plasta. Mpenda historia atamtaja Sydney Barnes, wiketi 189 katika mechi 27. Na sisi Wakenya tuna haki ya kumkumbuka Collins Obuya, Nairobi 2003, wiketi 5 kwa mikimbio 24, siku tulipowapiga Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia. Mkuu wa nyakati zote hapana, lakini siku ile nani angembishia?

Falsafa ilinifundisha kuuliza kwanza: mkuu kwa kipimo gani? Ukipima kwa wingi, ni Murali. Ukipima kwa bei ya kila wiketi, Murali anashuka na Barnes anapanda. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha, kumbe kila mmoja ameshika rula yake.

Kubishana hivyo si dhambi. Katika Marko sura ya 9, mitume walibishana njiani nani kati yao ni mkuu. Walipofika Kapernaumu Yesu akawauliza walikuwa wanazungumza nini, nao wakanyamaza. Tumezoea kuhubiriwa juu ya yule mtoto aliyewekwa katikati. Mimi kinachonishika ni ule ukimya. Kama walikuwa wanasifiana tu, kwa nini waone aibu? Nadhani kuna mtu alishushwa njiani. Ubishi wa ukuu una tabia hiyo: ukishindwa kumpandisha wa kwako, unaanza kumchimba wa mwenzako.

Murali amechimbwa sana. Sheria ya kriketi inakataza mrushaji kukunjua kiwiko anapouachia mpira. Akifanya hivyo, hajarusha, ametupa, na huo ni udanganyifu. Tarehe 26 Desemba 1995, huko Melbourne, mwamuzi alitangaza mara saba kwamba Murali anatupa. Mwamuzi alikuwa kazini, alisema alichokiona. Lakini umati ukalichukua neno hilo, na kwa miaka mingi alipotokea Australia alizomewa.

Sasa sikiliza. Kiwiko cha Murali kimepinda tangu kuzaliwa. Hakinyooki chote hata akitaka. Mwaka 1996 wataalamu walimpima Australia na Hong Kong wakaona anachoonekana kukifanya ni tofauti na anachokifanya. Mwaka 2004 mpira wake mmoja maalumu, unaoitwa doosra, ulipimwa na kuzidi kiwango cha wakati ule. Hilo ni kweli, tusilifiche. Ila mwaka huohuo alikubali kufungwa kifaa kigumu kilichozuia kiwiko kukunjuka, akairusha mipira yake mbele ya kamera. Halafu kamera zikageuzwa kwa warushaji wengine. Ikaonekana karibu wote wanakunjua kiwiko kidogo, wakiwemo waliosifiwa miaka yote kuwa ni safi! Ndipo ukawekwa ukomo mmoja kwa wote, digrii 15. Yaani ile habari ya kibanzi na boriti, mara hii kwa vipimo vya maabara.

Nikiisoma habari hii nawaona wanafunzi wa Yesu katika Yohane sura ya 9. Wanamkuta mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Wanaona mwili ulio tofauti, wanatafuta hatia. Yesu anakataa swali lenyewe.

Mtakatifu Thoma wa Akwino ana jibu gumu hapa. Anafundisha kwamba penye shaka tuyatafsiri matendo ya jirani kwa upande ulio mwema, na kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania vema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania vibaya mtu mwema. Si rahisi, bana. Sikiliza tunavyoongea wenyewe. Amepata alama za juu, lakini lazima aliuona mtihani. Amechaguliwa mwenyekiti wa vijana parokiani, lakini si unajua anavyokaa karibu na Padre? Ana sauti kwenye kwaya, lakini... Hiyo "lakini" inatoka kabla hatujapima chochote, na jina la mtu likishachafuka kwenye simu za parokia nzima, hakuna maabara ya kulisafisha.

(Kwa taarifa yenu, Murali alisoma St. Anthony's College huko Kandy, shule iliyoanzishwa na watawa Wabenedikto, ingawa yeye anatoka familia ya Kihindu.)

Julai 2010 aliingia mechi yake ya mwisho, Galle, dhidi ya India, akiwa na wiketi 792. Alihitaji nane. Ya nane ilikuja kwa mpira wake wa mwisho kabisa, na ilidakwa na Mahela Jayawardene. Kitabuni imeandikwa kwa jina la Murali, ila mikono ilikuwa ya mwenzake.

Basi, orodha yangu: Marshall wa kwanza kwa sababu ya ule wastani na ile plasta, Murali wa pili, Warne wa tatu. Mwenye yake ailete hapa chini, na aje na sababu.