Majaribu Wakati wa Dhiki

Mlevi aliyeacha pombe kwa imani hukabiliwa na swali gumu siku kiu yake ya zamani irudipo: ikiwa Mungu alimponya, mbona bado anatamani? Wengi humjibia kwa haraka kuwa imani yake ilikuwa ya midomo tu. Hukumu hii ni nyepesi kwa mwenye kuitoa na nzito kwa mwenye kuipokea. Humfanya aifiche tamaa yake, na tamaa iliyofichwa huenea kama moto wa makumbi.

Injili haikubaliani na hukumu hiyo. Kristo alijaribiwa jangwani baada ya kufunga siku 40, wala kujaribiwa kwake hakukuwa dhambi. Tena mjaribu hakumwendea katika karamu. Alimwendea katika njaa. Kwa mwanadamu pia msiba, deni, upweke na kukosa usingizi ni milango ya majaribu. Majira ya dhiki hayaulizi tu kama mtu anaamini. Huuliza atakimbilia wapi.

Mwezi wa Mei 1935, Bill Wilson, mfanya biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa ameacha pombe tangu Desemba 1934. Shughuli iliyompeleka huko iliharibika, akabaki peke yake hotelini na fedha kidogo. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa yenye vicheko. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa. Tamaa ilimshika, lakini miguu yake iliiendea simu. Kwa msaada wa kasisi aliyempigia, alikutanishwa na Robert Smith, daktari mpasuaji aliyeteswa na ulevi uleule. Smith alianguka tena mara moja baada ya kukutana naye, akainuka. Tarehe 10 Juni 1935, siku aliyokunywa mara ya mwisho, huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous.

Jambo la kutazamwa ni kwamba Wilson hakutafuta mtu wa kumhurumia. Alitafuta mlevi mwingine wa kumsaidia, na katika kumsaidia akajilinda mwenyewe. Imani haikuizima kiu yake jioni ile. Iliielekeza miguu yake kwa mwenzake. Hata Kristo, usiku wa Gethsemane, aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Ikiwa Yeye hakuona aibu kuomba wenzi, mlevi aone aibu ya nini?

Basi wajibu si wa mjaribiwa peke yake. Kanisa ambalo mtu hawezi kusema ndani yake, "Leo natamani kunywa," bila kunyoshewa kidole, humrudisha baa kwa mkono wake lenyewe. Lile linalomsikiliza humpa nafasi ya kuishinda siku moja, na siku moja ndiyo apewayo kila mtu kwa wakati mmoja. Kuteleza si kuanguka, na kuanguka si kufa, madamu upo mkono wa kushikwa.