Wasia kwa Aendaye Urusi

Sisi watu wa Rabai, pwani ya Kenya, ni wenyeji wa kale wa wageni, kwani wamisionari Krapf na Rebmann walipopanda vilima hivi mwaka 1846 wazee waliwapa mahali pa kukaa, na hata leo wageni huja kutazama makumbusho yaliyomo katika kanisa kuukuu na, wakipata idhini ya wazee, kuingia msitu wetu mtakatifu, kaya ya Mudzi Muvya. Aingiaye kaya huambiwa avue viatu, ajifunge kaniki, asiache njia wala asivunje kijiti, naye akiwa mtu muungwana hutii kwanza, sababu akaiuliza baadaye. Staha hiyo hiyo tunayowadai wengine ndiyo ningependa vijana wetu waichukue wanaposafiri kwenda Moscow na St Petersburg, miji ambayo Wakenya wameijua tangu miaka ya 1960, mwanasiasa Oginga Odinga alipowasaidia vijana wengi kwenda kusoma katika nchi za Kisovieti.

Mintarafu ya fedha, ajue msafiri kwamba tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi humo, kwa hiyo sharti achukue fedha taslimu, noti safi zisizochanika, naye asizibebe zote mfuko mmoja. Ile karatasi ya uhamiaji apewayo mpakani aitunze kama pasipoti yenyewe mpaka siku ya kuondoka. Na akifikia kwa rafiki badala ya hoteli, ahakikishe mwenyeji wake amemsajili kwa wakuu wa uhamiaji katika muda uliowekwa, maana hoteli hufanya kazi hiyo wenyewe ilhali rafiki aghalabu husahau.

Treni za chini ya ardhi za Moscow, zilizoanza mwaka 1935, ni ajabu ya kutazamwa: ngazi za umeme humteremsha mtu kina kirefu hata asiuone mwisho wake, na huko chini akakuta kumbi za marumaru na taa kubwa mithili ya kasri. Mgeni asiyejua herufi za Kikirili huweza kupotea humo, lakini na asikilize sauti itangazayo vituo, kwani treni ielekeayo katikati ya mji hutangaziwa na mwanamume, na itokayo katikati hutangaziwa na mwanamke. Hata asiyesoma neno moja hujua kwa sikio kwamba amegeukia upande usio wake. Kule St Petersburg ajihadhari na madaraja ya mto Neva, ambayo katika miezi isiyo na barafu hufunguliwa usiku wa manane ili merikebu zipite, na aliyechelewa ng'ambo hungoja hadi alfajiri, ijapokuwa mwezi wa Juni usiku wenyewe hauingii giza kamili.

Jambo liwaumizalo zaidi watu wetu ni nyuso. Kwetu kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni utovu wa adabu, na salamu haikomei kwenye neno moja. Mrusi hamchekei asiyemjua, wala hamwamkii njiani, na kijana wa pwani huweza kudhani amechukiwa. Nami sisemi kwamba chuki haipo, maana Waafrika wamepata kutukanwa na hata kupigwa katika miji hiyo, na ni busara kutotembea peke yako usiku. Bali uso mkavu peke yake si dalili ya chuki. Ukialikwa nyumbani kwa Mrusi utamwona mtu mwingine kabisa, mkarimu, mwenye chai isiyokwisha. Basi vua viatu mlangoni, usimpe mkono juu ya kizingiti kwani wao huona ni nuksi, na ukichukua maua yawe idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa kuwa mawili au manne ni ya maiti. Katika majumba ya makumbusho na ya michezo ya kuigiza koti huachwa kwa mtunzaji, naye hukasirika likikosa kitanzi cha ndani ya ukosi. Kishone kabla hujatoka.

Nimeliweka nyuma lililo zito. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisema kuwa huenda raia wake zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, na jamaa za baadhi yao walieleza kwamba wana wao waliahidiwa kazi ya ulinzi au ya udereva. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, na wakala akuambiaye kuwa mengine yatatengenezwa ukifika huyo anakuuza. Usitie sahihi mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoisoma, hata ukiambiwa ndege inangoja. Pasipoti yako usimkabidhi mwajiri. Na kabla ya kuondoka waachie wazazi nakala yake, jina la aliyekualika, na anwani ya ubalozi wetu wa Moscow.