Uwanja wa Ngoma Hauuzwi

Zamani, ukipanda daladala ya Kisesa pale Buzuruga, ulijua umetoka mjini pale nyumba zilipokoma baada ya Igoma. Yalianza mashamba ya mihogo, majaruba ya mpunga, mawe makubwa yaliyobebana, na ng'ombe wakivushwa barabara na vijana wenye fimbo. Siku hizi mwisho wa mji hauonekani. Nyumba zinafuatana, maduka ya saruji na nondo yanafuatana, vibao vya viwanja vinavyouzwa navyo vinafuatana. Mpaka konda apige kelele ndipo mgeni ajue amefika mahali pengine. (Nasema Kisesa ya Magu, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, si ile ya Meatu.)

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza. Ya 2022 ilihesabu 3,699,872. Karibu watu milioni moja wameongezeka katika miaka 10, na lazima wapate pa kulala. Kisesa ina ardhi, ina lami inayokwenda Musoma hadi mpakani Sirari, na ina barabara inayochepukia Usagara bila kupita katikati ya jiji. Simlaumu anayekuja. Wengi wanaojenga huku ni walimu, wauguzi na machinga waliopanga chumba kimoja Mabatini kwa miaka mingi, na kila mmoja wao anastahili paa lake.

Ninachokihofia ni siku ambayo Kisesa itakuwa na maelfu ya nyumba, na majirani wasiwe na jambo hata moja la kuwakutanisha isipokuwa msiba.

Vijiji vya milimani huko Japani vina shida iliyo kinyume cha yetu. Vijana wamekwenda Tokyo na Osaka, wazee wamebaki, watoto hawazaliwi. Katika kijiji cha Nagoro, kisiwani Shikoku, shule ilifungwa mwaka 2012 kwa kukosa wanafunzi, na mkazi mmoja akashona midoli yenye ukubwa wa binadamu akaiweka madarasani, vituoni na mashambani, mahali walipokuwa wakikaa watu. Sisi huku tunabanana madarasani. Wao wanatafuta mtoto mmoja wa kuandikisha.

Lakini kipo kijiji kingine katika milima ya Japani kilichokataa kufa, na namna kilivyokataa inatuhusu. Ni Ogimachi, katika Shirakawa, mkoa wa Gifu. Theluji huko hushuka kwa wingi wa kutisha, kwa hiyo nyumba zao za zamani zina mapaa ya nyasi yenye mteremko mkali ili theluji isikae juu. Paa la namna hiyo hudumu miaka 30 au zaidi, kisha lazima liezuliwe na kuezekwa upya. Hakuna familia inayoweza kazi hiyo peke yake. Nyasi ni nyingi mno, mikono inayotakiwa ni mingi mno. Basi kijiji hujigawa: hawa wanakata, wale wanabeba, wengine wanapika, na watu zaidi ya 100 wanapanda juu ya paa la mtu mmoja. Mwenye nyumba anabaki na deni la kupanda juu ya mapaa ya wenzake maisha yake yote.

Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, mapaa hayo yalianza kutoweka. Wengine waliuza nyumba, wengine walizibomoa, wengine walihama. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi wakakutana na kujiwekea kanuni tatu wenyewe: usiuze, usikodishe, usibomoe. Serikali ilikuja baadaye. UNESCO ilikuja baadaye zaidi, mwaka 1995, ilipokitambua kijiji hicho kuwa Urithi wa Dunia. Napenda tuutazame mpangilio huo. Kwanza waliamua wenyewe, wakiwa bado wakulima wa kawaida ambao dunia haijawajua.

Msukuma wa Kisesa hana haja ya kusafiri hadi Gifu kujifunza kazi ya pamoja. Wazee wetu walilima kwa bugobogobo. Ngoma inapigwa kando ya shamba, safu ya wanaume na wanawake wanainua majembe kwa mapigo yale yale, jembe linarushwa juu na kudakwa, na ekari ambayo ingemla mtu wiki nzima inaisha kabla jua halijawa kali. Kundi likimaliza hapa linahamia kwa mwingine, na malipo yao ni chakula, au ng'ombe wa kuchinjwa. Leo bugobogobo tunaiona zaidi kwenye sherehe za kitaifa, vijana wakirusha majembe juu ya sakafu ya saruji. Wanapendeza. Ila jembe lile lilikuwa na udongo.

Na Kisesa, kuliko mji mwingine wowote mdogo ninaoujua kando ya Ziwa, imepewa dhamana ya kutunza mambo haya. Juu ya mawe ya Bujora, hapa hapa Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni padri kutoka Kanada, David Clement, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika hapo miaka ya 1950 na kupewa na wenyeji jina la Fumbuka. Alijenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akapokea ngoma na viti vya watemi (machifu wa Kisukuma), akakusanya zana za wahunzi na za waganga, na kulikuwa na wazee Wasukuma waliokaa naye kumweleza kila kitu kilivyotumika. Jengo la vitu vya watemi limepewa umbo la kiti chenyewe cha enzi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu kwa sheria, na vyombo vingi vya watemi vingeweza kuishia kwenye kuni au kwa wanunuzi wa kigeni. Bujora ilivipa pa kukaa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote mle ndani ni kidogo na wageni wengi hukipita haraka: maelezo ya jinsi Wasukuma walivyohesabu moja hadi kumi. Watoto walikuwa na hesabu yao, wasichana yao, wavulana yao, watu wazima yao. Kila rika na namba zake. Maana yake ni kwamba kukua kulikuwa jambo la kundi. Ulihama kutoka hesabu moja kwenda nyingine pamoja na wenzako.

Halafu kuna Bulabo, tamasha la ngoma. Kila Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, Kisesa hujaa watu kutoka Usukuma yote, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kama vilivyoshindana tangu karne ya 19. Husimuliwa kwamba chimbuko lao ni mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani mkubwa. Kwa desturi, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ushindi ni wa upande uliovuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana chatu huletwa, ndiyo maana kila mwaka lazima pawe na kitu kipya ambacho jirani hajakiona. Watazamaji ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu yao. Ni kwenye viwanja vya Kisesa pia ambapo Septemba 8, 2021 machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya.

Watu wa Kisesa wamefanya pia kazi ya pamoja isiyo na ngoma, na sioni ikisifiwa inavyostahili. Tangu mwaka 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamekuwa wakipita kaya kwa kaya katika kata hii kuhesabu nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, na kupima maambukizi ya VVU. Fikiria ilivyokuwa miaka ile. Ugonjwa ulikuwa aibu, dawa hazikuwepo, na mgeni mwenye karatasi anapiga hodi akiuliza habari za ndani kabisa za nyumba yako. Walimkaribisha. Walikaa wakajibu, wakatoa damu, na mzunguko uliofuata wakamkaribisha tena. Majibu yao yamesaidia wanasayansi kuelewa jinsi janga lile linavyosambaa katika vijiji vya Afrika, na baadaye jinsi dawa zinavyorefusha maisha. Wakulima wa pamba na mihogo wameipa dunia elimu kwa zaidi ya robo karne, bila bango wala mnara.

Basi tunao uwezo. Swali ni kipi tunakiwekea kanuni.

Kuhusu kuuza ardhi, nimezungumza na mzee mmoja jirani. Nilimwamkia, akaniitikia, tukakaa chini ya mwembe wake. Nilitaka kumuuliza kwa nini amekata shamba lake vipande. Alinieleza bila hasira: kipande cha kwanza kilimsomesha binti hadi chuo, cha pili kilimlipia mkewe matibabu ya upasuaji. "Ardhi imenisaidia nikiwa hai, mwanangu," alisema. Sikuwa na jibu la kumpinga na sikulitafuta. Mtu aliyeuza chake kumtibu mkewe hajafanya kosa. Kanuni ya Ogimachi hatuwezi kuileta Kisesa nzima nzima, na tukijaribu tutawaonea maskini.

Lakini vipo visivyo vya mtu mmoja. Kilima ni cha nani? Yale mawe ambayo akina mama wanayapasua kokoto juani, wakiuza ndoo kwa ndoo ili watoto wale, yakiisha yameisha. Wanastahili kupewa eneo lililopangwa la kuchimba, na kilima kilichobaki kiachwe. Mkondo wa maji ya mvua ni wa nani? Dalali akikikata kiwanja juu yake leo, Machi watu watatoa maji sebuleni kwa ndoo. Na uwanja wa ngoma, ambapo mtu yeyote wa ukoo wowote huweza kuja kusimama upande wa Bagika au wa Bagalu, nani ana haki ya kuutia bei?

Sheria imetutangulia hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaikataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwenye mitaa iliyokwisha kupimwa, ramani za mipango miji huonyesha maeneo ya wazi, na mwananchi anaweza kuomba aonyeshwe. Tatizo letu ni viti vitupu. Mkutano ukiitishwa wanakuja wazee wachache. Wageni waliojenga juzi wanadhani hauwahusu, na vijana wa bodaboda wanaupita njiani. Kisha mwaka mmoja baadaye uzio unasimama mahali pasipotarajiwa, na wote tunauliza ulitoka wapi.

Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana sauti, awe amezaliwa Bujora au amehamia mwezi uliopita kutoka Mabatini. Muulize mwenyekiti wako tarehe ya mkutano ujao. Nenda na jirani yako mgeni. Ombeni kwamba uwanja wa ngoma, kilima na mikondo ya maji viandikwe kwenye daftari la ardhi ya pamoja, na msiondoke kabla hamjauona muhtasari umesainiwa.