Mpira usitule swala

Ndugu Waislamu, pitieni viwanja vya mpira vya Kibaha na Kisarawe jioni. Inaadhiniwa Alasiri, vijana wetu wanafunga viatu. Inaadhiniwa Magharibi, bado wanacheza. Ukiwauliza, watakutajia Mbwana Samatta.

Samatta ni mfano wa subira. Aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Kongo, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015, ndipo Januari 2016 akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji. Subira hiyo vijana waige. Lakini nani amewaambia kuwa njia ya Ulaya inapita juu ya swala?

Mtazameni Bachar Houli, Mwislamu aliyecheza ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia tangu 2007 hadi 2021. Alijulikana kwa kushika swala zake, na akatwaa ubingwa mara tatu na klabu ya Richmond. Alistaafu akiwa na miaka 33. Mpira una kustaafu, swala haina.

Wazazi na makocha, simamisheni mazoezi robo saa tu, vijana waswali jamaa. Allah (S.W.) ameapa kwa Al-Asr. Je, sisi tunaifanyia nini Alasiri ya watoto wetu?