Cheti cha udereva ni shahada, tusikichague kwa ujirani wala kwa jina

Katika miji yetu ya Mbeya na Iringa, kijana anayetaka kujifunza kuendesha gari hukuta milango miwili. Upo mlango wa shule ya udereva ya mtaani, yenye gari moja au mawili ya alama ya L, ambayo mwenyewe tunamfahamu na pengine tunaswali naye safu moja. Na upo mlango wa taasisi ya kitaifa kama VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo ina vyuo katika miji yote miwili. Vijana huniuliza: Ustadh, je, haki ya jirani haitulazimishi kumuungisha ndugu yetu wa mtaani?

Haki ya jirani ni nzito. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa Jibril (a.s.) alimuusia mno juu ya jirani hata akadhani atapewa fungu katika mirathi. Lakini haki hiyo mtu huilipa kutoka mfukoni mwake. Nikinunua mchele kwa jirani kwa bei ya juu kidogo, hasara ni yangu na thawabu, inshaallah, ni yangu. Nikijifunza udereva nusunusu ili nimfurahishe jirani, atakayelipa ni abiria au mwenda kwa miguu ambaye hakuulizwa kitu.

Nasi tunaijua barabara yetu. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hupanda na kushuka Kitonga, hupita Mafinga na Makambako, kisha Mbeya, Mbalizi na mteremko wa Iwambi, ikibeba malori ya Zambia na Kongo. Dereva aliyefundwa hushuka kwa gia nzito, injini ikilizuia gari. Asiyefundwa hukanyaga breki mfululizo hadi zinapata moto na kupoteza nguvu, au huachia gari nyutro apate kubana mafuta. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 40 wakafariki. Sisemi ajali ile ilitokana na shule fulani. Nasema barabara hii haina subira na mwanafunzi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Basi tuchague kwa kipimo gani? Katika Suratul Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alimpendekeza Nabii Musa (a.s.) kwa sifa mbili pamoja: nguvu na uaminifu. Jirani anaweza kuwa mwaminifu na asiwe na uwezo. Taasisi kubwa inaweza kuwa na karakana na madarasa, lakini jina lililo ukutani halikai kwenye kiti cha pembeni na mwanafunzi. Anayekaa ni mwalimu mmoja. Kwa hiyo tuulize kotekote: Shule imesajiliwa? Mwanafunzi atashika usukani mwenyewe kwa saa ngapi? Atapelekwa kwenye mteremko, au atazungushwa uwanjani tu? Na kubwa kuliko yote: mwalimu huyu amewahi kumwambia mtu kuwa hajaiva, arudi tena?

Swali hili la mwisho ndilo la dini hasa. Askari wa usalama barabarani humpima mwanafunzi kwa muda mfupi, kisha TRA hutoa leseni. Anayemjua kwa wiki kadhaa ni mwalimu wake, na cheti anachokitoa ni shahada, yaani ushahidi. Sisi walimu wa dini hatumpi mtu ijaza kwa sababu baba yake ni rafiki yetu. Mtume (s.a.w.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka, akakaa, akalikariri jambo hilo. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu huwajibika kwa madhara yake. Na kijana anayelipa apate cheti bila kufundishwa ni mshirika katika ushahidi huo. Asimlaumu mwenye shule peke yake.

Rai yangu ni hii. Shule ya mtaani ikiwa na uwezo, na ikithubutu kumrudisha asiyeiva, basi iende mbele, kwa kuwa imejumlisha amana na haki ya jirani. Ikiwa haina, mzazi Muislamu ampeleke mwanawe VETA au kwingineko panapofundishwa kweli, hata kama nauli na ada zitazidi. Kisha amwendee jirani yake kwa siri na adabu, amweleze kwa nini hakumleta mtoto kwake. Nasaha hiyo nayo ni haki ya jirani, na huenda ikamfaa kuliko ada ya mwanafunzi mmoja.

Wallahu aalam.